Kengele Tunayoisikia kwa Macho: Kuitafakari Picha ya “Malaika wa Bwana” ya Millet

Iko picha moja ambayo Wakatoliki wengi wa Ulaya waliikuta ukutani nyumbani kwao kabla hawajajua kusoma. Mwanamume na mwanamke wamesimama katikati ya shamba tambarare. Jua linazama, kazi imesimama, nao wameinamisha vichwa. Mbali sana nyuma yao unaonekana mnara mdogo wa kanisa. Kwa Kifaransa picha hiyo inaitwa L'Angélus, yaani Sala ya Malaika wa Bwana. Ilichorwa na Mfaransa Jean-François Millet kati ya mwaka 1857 na 1859, na leo inatunzwa katika Makumbusho ya Orsay mjini Paris.

Tumeona vema kuieleza picha hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, sala inayoonyeshwa humo ndiyo ileile tuliyofundishwa utotoni, na ambayo bado inasaliwa katika parokia, shule na nyumba zetu asubuhi, adhuhuri na jioni. Pili, tunaishi katika siku ambazo macho yetu yanapita juu ya picha mamia kwa mamia katika simu, bila kutulia juu ya hata moja. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Barua yake kwa Wasanii ya mwaka 1999, alikumbusha kwamba Kanisa linahitaji sanaa ili yale yasiyoonekana yapate kuguswa na hisi za binadamu. Lakini sanaa haiwezi kutusaidia tusipojifunza kuitazama.

Tunachokiona

Tuanze na ukubwa wake. Anayeijua picha hii kwa sifa zake hudhani kwamba imejaza ukuta mzima. Sivyo. Ina sentimita 55.5 kwenda juu na sentimita 66 kwa upana. Mtu mmoja angeweza kuibeba kwapani. Hata hivyo, watu wawili walio ndani yake wanaonekana wakubwa kama sanamu za kanisani, na sababu yake ni namna Millet alivyoyapanga mandhari. Uwanda ule ni mpana na mtupu. Hakuna mti ulio karibu, nyumba, wala mnyama anayevuta jicho pembeni. Wawili hao wameachwa peke yao na ardhi na anga.

Tutazame sasa mstari wa upeo wa macho, mahali ardhi na mbingu zinapokutana. Miguu ya wakulima hawa, katika viatu vyao vya mbao, imekanyaga udongo waliokuwa wakiuchimba. Lakini vichwa vyao vimeuvuka mstari ule na kuingia katika mwanga wa anga. Mchoraji hakuhitaji malaika mwenye mabawa wala miale itokayo mawinguni. Amewasimamisha tu watu wawili mahali ambapo mbingu na nchi zinakutana, na hapo amesema juu ya sala jambo ambalo maneno mengi yasingelisema vizuri zaidi.

Tushuke chini tuone vitu vyao. Uma wa kuchimbia umechomekwa ardhini kando ya mwanamume. Kati yao kuna kikapu chenye viazi. Nyuma ya mwanamke kuna toroli lenye magunia. Mwanamume amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili mbele yake. Mwanamke ameikunja mikono yake kifuani. Nyuso zao zimo kivulini kiasi kwamba hatuwezi kuzisoma. Hatujui kama ni wazuri au la, wala kama wamefurahi au wamehuzunika. Millet ametunyima nyuso zao ili tuone mkao wao, na katika mkao huo kila mkulima aliyewahi kusali anaweza kujiona mwenyewe.

Rangi nazo hazipigi kelele. Ni rangi za udongo, kahawia na kijani kilichofifia, na buluu iliyochakaa ya nguo za kazi. Juu, anga limeshika wekundu na dhahabu ya machweo, na ndege wachache wanaruka kwa mbali. Mwanga huo haudumu. Baada ya dakika chache utakuwa umetoweka. Utulivu tunaouona ni utulivu wa saa moja fupi kati ya kazi ya mchana na giza la usiku.

Mchoraji aliyekuwa mtoto wa mkulima

Millet hakuwatazama wakulima kama mgeni aliyekuja kutembea. Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1814 katika kijiji cha Gruchy, karibu na bahari, katika jimbo la Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Wazazi wake walilima, naye alilima pamoja nao kabla ya kipaji chake kumpeleka kujifunza uchoraji Cherbourg na, mwaka 1837, Paris. Mwaka 1849 alihama na familia yake kutoka Paris, mji uliokuwa umekumbwa na kipindupindu, akakaa Barbizon, kijiji kilicho kando ya msitu wa Fontainebleau. Aliishi huko mpaka alipofariki tarehe 20 Januari 1875. Uwanda tunaouona katika picha ni ule ulio kati ya Barbizon na kijiji jirani cha Chailly-en-Bière, na mnara ule mdogo ni wa kanisa la Chailly.

Walakini, chimbuko la picha halikuwa Chailly. Millet mwenyewe alieleza katika barua aliyoandika mwaka 1865 kwamba wazo lake lilitokana na kumkumbuka bibi yake. Walipokuwa shambani na kengele ikasikika, bibi huyo hakukosa kuwasimamisha wote waache kazi na kusali Malaika wa Bwana kwa ajili ya marehemu maskini, kwa uchaji, kofia mkononi.

Tuyapime maneno hayo pamoja na tarehe zake. Bibi huyo, mzaa baba, alifariki mwaka 1851. Mama yake Millet alimfuata mwaka 1853. Baba yake alikuwa ametangulia tangu mwaka 1835. Millet alipoanza kuichora picha hii alikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, akiishi mbali na kijiji chake, mwenye watoto wengi na fedha kidogo, na wote waliomfundisha kuvua kofia shambani walikuwa kaburini. Yule aliyewaombea marehemu sasa alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo, utulivu wa picha hii umebeba kumbukumbu ya wafu, na anayeiona kuwa ni jioni nzuri tu ya mashambani hajaimaliza kuitazama.

Ni haki pia kusema ukweli wote. Millet hakuwa mtu wa kuonekana kanisani mara kwa mara. Ndoa yake na Catherine Lemaire ilifungwa kiserikali, na ya Kanisa ilifungwa tarehe 3 Januari 1875 tu, siku 17 kabla ya kifo chake, baada ya miaka mingi ya kuishi pamoja. Hatusemi haya ili kumhukumu. Tunayasema kwa sababu yana faraja kubwa kwa wazazi, mabibi na mababu wanaolia kwamba vijana wao wameacha kusali. Mbegu aliyoipanda mwanamke mmoja wa kijijini, bila mahubiri marefu, kwa kusimama tu kila kengele ilipolia, ilikaa moyoni mwa mjukuu kwa miaka mingi, kisha ikazaa picha iliyowafikia watu wasiohesabika. Na mjukuu mwenyewe hakuondoka duniani bila baraka ya Kanisa.

Kengele na sala

Ili tuielewe picha, hatuna budi kuisikia. Jambo la ajabu ni kwamba tendo lote ndani yake limesababishwa na kitu kisichochorika, nacho ni sauti. Alfred Sensier, rafiki wa Millet aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba alipoonyeshwa picha hiyo kwa mara ya kwanza alitambua papo hapo kwamba ni Sala ya Malaika, na Millet akaridhika kwamba kengele inasikika. Ule mnara mdogo wa mbali ndio unaosema. Ukiufunika kwa kidole, utabaki na watu wawili waliochoka. Ukiondoa kidole, watakuwa ni watu walioitwa.

Desturi ya kupiga kengele jioni kwa heshima ya Bikira Maria ilianza katika Karne za Kati, na ile ya asubuhi na adhuhuri ikaongezeka baadaye, hata sala ikapata sura yake ya leo katika karne ya 16. Kwa kawaida kengele hupigwa mapigo matatu mara tatu, kisha mfululizo. Kila mapigo matatu yanakwenda na sehemu moja ya sala: ujumbe wa Malaika Gabrieli, itikio la Maria, na Neno kufanyika mtu. Hivyo mara tatu kwa siku Mkristo anatamka kwa ufupi fumbo lote la Umwilisho. Mtakatifu Paulo VI, katika Waraka wake wa Marialis Cultus wa mwaka 1974, aliwahimiza waamini kuidumisha sala hii, kwa kuwa muundo wake ni rahisi, msingi wake ni Maandiko Matakatifu, nayo inatakatifuza nyakati mbalimbali za siku.

Tukikumbuka hilo, mandhari ya Millet yanapata maana ya ndani zaidi. Wale wawili wanasali juu ya Mungu aliyetwaa mwili, nao wanasali wakiwa na udongo mikononi. Hawakukimbilia kanisani wala kubadili nguo. Mahali pale pale, penye viazi na toroli, panatosha kuwa mahali pa ibada, kwa sababu Mwana wa Mungu mwenyewe aliishi Nazareti katika nyumba ya mtu wa kazi.

Kengele hiyo hatuijui kwa kusikia habari zake tu. Mwaka 1868, miaka tisa baada ya Millet kuimaliza picha yake, wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walianzisha misheni ya Bagamoyo. Sala waliyoileta ndiyo ileile iliyosaliwa na wakulima wa Normandy na wa Chailly. Mwanamke anayetua jembe leo adhuhuri na kufanya ishara ya msalaba ni dada wa yule wa kwenye picha.

Utulivu usiofunika jasho

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Wapo walioitumia picha hii kuwaambia maskini: tazameni, hawa hawana kitu lakini wametulia, nanyi tulieni. Huko ni kuisoma vibaya. Millet alijua uzito wa uma ule. Mwaka 1857, katika maonyesho makubwa ya Paris, alikuwa ameonyesha picha ya wanawake watatu wakiokota masazo ya mavuno, na baadhi ya wahakiki walikasirika, wakiona ndani yake lawama dhidi ya matajiri. Sisi tunaosoma Kitabu cha Ruthu tunajua kwamba kuwaachia maskini masazo ya shamba ilikuwa ni amri ya Mungu, wala haikuwa hisani ya mwenye shamba.

Kwa hiyo, wale wawili hawakuinamisha vichwa mbele ya tajiri. Wameinama mbele ya Mungu, na tofauti hiyo ni kubwa. Anayeweza kusimamisha kazi kwa ajili ya Mungu anatangaza kwamba kazi si bwana wake, na kwamba siku yake si mali ya anayemlipa peke yake. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mwaka 1891, Papa Leo XIII katika Waraka wa Rerum Novarum alifundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya kupumzika na ya kumwabudu Mungu wake, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kumnyang'anya heshima hiyo. Picha ilikuwa imekwisha kulionyesha jambo hilo bila neno hata moja.

Historia ya picha yenyewe inatukumbusha jinsi dunia inavyoweza kupenda sura ya maskini na kumsahau maskini mwenyewe. Mmarekani aliyeiagiza hakuja kuichukua, na Millet aliiuza kwa fedha kidogo. Mwaka 1889, miaka 14 baada ya kifo chake, iliuzwa mnadani Paris kwa faranga 553,000, kiasi kilichoshangaza dunia. Ikapelekwa Marekani, kisha Mfaransa Alfred Chauchard akainunua kwa bei kubwa zaidi na kuirudisha, na alipofariki mwaka 1909 akaiachia Makumbusho ya Louvre. Katika biashara hiyo yote familia ya mchoraji haikupata fungu. Mfano huo ulitajwa mara nyingi na watetezi wa haki za wasanii nchini Ufaransa, na mwaka 1920 ilipitishwa sheria ya kuwapa wasanii na warithi wao sehemu ya fedha kazi zao zinapouzwa tena.

Mwaka 1932 mtu mmoja mwenye matatizo ya akili aliichana picha kwa kisu, ikatengenezwa. Baadaye mchoraji wa Kihispania Salvador Dalí alidai kwamba wawili wale wanazika mtoto, na picha ilipopigwa eksirei chini ya kikapu kilionekana kivuli cheusi chenye umbo kama la sanduku. Habari hiyo inapenda kuzungushwa mitandaoni kama siri iliyofichuliwa. Kivuli hicho hakithibitishi kitu. Wachoraji hubadili mambo mengi kabla ya kumaliza kazi. Tena hatuhitaji siri hiyo ili tujue kwamba mauti yamo katika picha hii, kwa kuwa Millet mwenyewe alisema wazi kwamba sala ile ni kwa ajili ya marehemu.

Namna ya kuitazama

Tunapendekeza zoezi dogo kwa familia na kwa jumuiya ndogondogo za Kikristo, hasa mwezi wa Novemba tunapowaombea marehemu wetu. Tafuteni nakala nzuri ya picha hii, iliyochapwa au katika simu. Kabla ya mtu yeyote kuieleza, itazameni kimya kwa dakika tatu. Mwanzoni dakika hizo zitaonekana ndefu mno, na hilo tayari ni somo.

Kisha kila mmoja aseme kitu kimoja tu alichokiona, wala si alichokiwaza. Mtoto mara nyingi ataona ndege au viazi kabla ya mtu mzima. Baada ya hapo mjiulize: sauti inatoka wapi? Kabla ya kengele kulia, watu hawa walikuwa wakifanya nini, na baada ya sala watafanya nini? Jibu la swali la mwisho ni rahisi, lakini lina uzito: watapakia magunia, watasukuma toroli, watarudi nyumbani gizani. Sala haikuwaondolea mzigo. Imewapa kuubeba wakiwa watu waliosimama mbele ya Mungu.

Mwisho, kila mmoja amtaje kwa jina mtu aliyemfundisha kusali. Kama amefariki, salini pamoja Malaika wa Bwana kwa ajili yake. Na kama ni kipindi cha Pasaka, salini Malkia wa Mbingu, kama Kanisa linavyoelekeza. Kufanya hivyo ni kufanya hasa kile ambacho bibi yake Millet alikifanya shambani, na ambacho mjukuu wake alikifanya kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa.

Wengi wetu leo hatuisikii tena kengele ya parokia. Inamezwa na magari, na muziki, na pengine na kuta za ofisi. Lakini wale wakulima wawili nao walisimama mbali sana na kanisa. Mnara wao ni mdogo kiasi kwamba asiyetafuta hauoni. Walisikia kwa sababu walikuwa wakiingojea kengele. Leo jioni, itakapofika saa kumi na mbili, popote tutakapokuwa, tuweke chini kile tulichoshika mkononi, tusimame, tusali. Kisha tuendelee na kazi, na Mungu awape marehemu wetu pumziko la milele.